Toni ya gitaa la besi hutengenezwa wapi

Mtu anayetafuta toni nzuri ya gitaa la besi mara nyingi huanzia mwisho wa safari ya sauti. Hubadilisha amplifaya, huongeza kabati la pili la spika, huunganisha pedali (visanduku vya kubadili sauti) moja baada ya nyingine, na bado anachokisikia ni kilekile: sauti inayotikisa kuta anapofanya mazoezi peke yake, lakini inayotoweka mara tu dramu na magitaa mengine yanapoingia. Hali hiyo ina sababu inayoeleweka. Karibu kila kifaa kinachokuja baada ya uzi hufanya kazi ya kuchagua tu. Hukuza sehemu fulani ya sauti na kupunguza nyingine, lakini hakiwezi kukuza kitu ambacho uzi haukukitoa. Na kile ambacho uzi hutoa huamuliwa kwa muda mfupi mno, pale ncha ya kidole inapouachia. Ndiyo maana wapigaji wawili wanaweza kupokezana gitaa lilelile, kwenye amplifaya ileile, bila kugusa kitufe hata kimoja, na kila mmoja akatoa toni yake.

Tunachokisikia tunaposikia besi

Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne, E, A, D na G, ambazo zikipigwa bila kubanwa hutetemeka kwa masafa ya msingi ya Hz (mitetemo kwa sekunde) 41.2, 55, 73.4 na 98. Gitaa la nyuzi tano huongeza uzi wa B wenye Hz 30.9. Takwimu hizi huwafanya wengi waamini kwamba uzito wa besi unakaa huko chini kabisa, na kwamba anayetaka besi nene anapaswa kuongeza masafa ya chini kadiri amplifaya itakavyoruhusu. Hapo ndipo kosa linapoanza, kwa sababu uzi hautetemeki kwa namna moja. Wakati uleule unapotetemeka kwa urefu wake wote, hutetemeka pia kwa nusu zake, kwa theluthi zake, kwa robo zake na kuendelea, na kila mgawanyo hutoa sauti ya juu zaidi inayoitwa hamoniki. Uzi wa E ulio wazi hutoa Hz 41, lakini pamoja nayo hutoa Hz 82, 124, 165, 206 na nyingine nyingi zinazopanda hadi maelfu.

Sikio la binadamu ni dhaifu kwenye masafa ya chini. Harvey Fletcher na Wilden Munson walilionyesha jambo hilo mwaka 1933 walipopima ni nguvu kiasi gani sauti ya chini inahitaji ili isikike sawa na ya kati, na wakaona kwamba udhaifu huo ni mkubwa zaidi pale sauti yote inapokuwa ndogo. Kinachotuokoa ni ubongo. Ukisikia Hz 82, 124 na 165 kwa pamoja, ubongo hutambua kwamba sauti hizo zimepishana kwa Hz 41 na kuzitafsiri kuwa noti ya E ya chini, hata kama Hz 41 yenyewe haipo kabisa. Ndiyo sababu tunaweza kufuata mstari wa besi kwenye spika ndogo ya simu ambayo haina uwezo wowote wa kutoa masafa hayo.

Ushahidi mzuri zaidi unatoka kwenye kabati ambalo wapiga besi wa jukwaani wamelihusudu kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ilitoa amplifaya ya SVT, yenye vali (balbu za kioo za kukuza umeme) na nguvu ya wati 300, na kabati linalohusishwa nayo ni lile refu lenye spika nane za inchi 10 ndani ya sanduku lililofungwa. Kabati hilo huanza kupunguza nguvu karibu na Hz 60, yaani juu ya masafa ya msingi ya uzi wa E na hata ya uzi wa A. Pamoja na hayo, hakuna aliyesimama mbele yake akalalamika kwamba besi ni nyembamba. Unene anaousikia msikilizaji umejengwa hasa na hamoniki ya pili, ya tatu na ya nne, na ung'avu unaomwezesha kutofautisha noti moja na nyingine umejengwa na zile za juu zaidi. Kwa hiyo kuuliza kuhusu toni ni kuuliza ni hamoniki zipi zimezaliwa, kwa kiasi gani, na zipi zimebaki hadi mwisho.

Mahali kidole kinapougusa uzi

Uzi unapovutwa mahali fulani, mahali hapo hulazimika kusogea, na kwa hiyo hamoniki yoyote ambayo ingehitaji pawe tulivu haiwezi kuzaliwa. Ukivuta uzi katikati kabisa ya urefu wake, hamoniki ya pili, ya nne, ya sita na zote zenye namba shufwa hukosekana, na sauti huwa ya mviringo, laini na yenye uwazi ndani yake. Ukivuta kwenye sehemu ya tano ya urefu kutoka darajani, yaani pale nyuzi zinapofungwa mwilini mwa gitaa, hamoniki ya tano na jamaa zake, ya kumi na ya kumi na tano, ndizo zinazokosekana. Kadiri kidole kinavyokaribia daraja ndivyo hamoniki ya kwanza kukosekana inavyopanda juu, na ndivyo zile za chini zinavyokaribiana kwa nguvu; sauti huwa kavu, ya kubana na yenye kusema wazi, lakini masafa ya msingi hupungua.

Jambo hili lina tokeo moja ambalo wapigaji wengi hulisikia bila kujua chanzo chake. Chukua gitaa lenye urefu wa uzi wa inchi 34, ambao ndio uliotumiwa na mtengenezaji wa magitaa Leo Fender kwenye gitaa lake la Precision Bass la mwaka 1951 na ukabaki kuwa kipimo cha kawaida. Inchi 34 ni takribani milimita 864. Weka kidole cha mkono wa kulia milimita 130 kutoka darajani, upige uzi wa A ukiwa wazi, kisha bila kusogeza mkono huo ubane uzi wa E kwenye freti (ukingo wa chuma shingoni) ya tano na kuupiga. Noti ni moja, Hz 55, lakini toni ni mbili. Katika pigo la kwanza kidole kilikuwa kwenye asilimia 15 ya urefu unaotetemeka. Katika pigo la pili uzi umefupishwa na kubaki takribani milimita 647, kwa hiyo kidole kilekile sasa kiko kwenye asilimia 20, yaani sehemu ya tano hasa, na hamoniki ya tano, ambayo kwa noti hii ni Hz 275, imenyamazishwa. Ongeza kwamba uzi wa E ni mnene na mgumu kuliko wa A, na utaelewa kwa nini freti ya tano inasikika nzito na yenye giza kidogo. Mpigaji mzoefu anayepanda kwenye freti za juu husogeza mkono wa kulia kuelekea darajani ili kulinda uwiano huo, mara nyingi bila kuwaza.

Namna kidole kinavyougusa uzi ina uzito uleule. Tazama kwa karibu kinachotokea pale kidole cha shahada kinapopita juu ya uzi. Kikilala, nyama nyingi ya ncha yake huufunika uzi kwa upana wa sentimita moja au zaidi, huukandamiza kuelekea mwilini mwa gitaa, kisha huteleza na kutua juu ya uzi wa jirani. Kwa kuwa mguso ni mpana, hamoniki za juu zenye mawimbi mafupi huzimwa kabla hazijaanza. Kikisimama na kugusa kwa ncha tu, karibu na ukucha, mguso huwa mwembamba na uzi huachiwa ghafla, kwa hiyo hamoniki za juu huchomoza. Piki, kipande kidogo kigumu cha kupigia nyuzi, hufanya mguso uwe mwembamba zaidi, na ndiyo maana noti inayopigwa kwa piki huanza kwa mlio mkali. Carol Kaye, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi sana za studio za Los Angeles katika miaka ya 1960, alitumia piki pamoja na kitambaa kizito cha kuzima nyuzi, akapata mwanzo mkali wa noti na mwisho mfupi kwa wakati mmoja, mchanganyiko ambao hakuna kitufe cha amplifaya kinachoweza kuutengeneza.

James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown, alikwenda upande mwingine. Alianza kwenye besi kubwa ya kusimama, na alipohamia kwenye Precision Bass aliendelea kutumia kidole kimoja tu cha shahada, akakitua kwa nguvu na nyama nyingi, huku sponji ikiwa imebanwa chini ya kifuniko cha daraja. Jaco Pastorius, mwaka 1976, aliwashangaza watu kwa gitaa la Jazz Bass, pia la Fender, lisilo na freti, vidole vikiwa karibu kabisa na daraja na pikapu (kifaa cha sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi) ya nyuma ikipewa kipaumbele. Sauti yake ilikuwa nyembamba kwa vipimo vya masafa ya chini lakini ilisikika kama mwimbaji. Naye Larry Graham aliufanya uzi uwe ngoma: alipogonga kwa kidole gumba karibu na mwisho wa shingo, uzi uligonga freti za mwisho na kutoa mlipuko wa hamoniki za juu sana, na alipouvuta uzi mwembamba kutoka chini na kuuachia, uzi ulirudi na kuchapa freti. Mtindo huo, unaoitwa slapu, unategemea chuma kugonga chuma, kwa hiyo hupoteza nusu ya maana yake nyuzi zikiwa zimechakaa.

Nguvu ya pigo pia hudanganya. Wengi hupiga kwa nguvu wakidhani wanapata sauti kubwa, kumbe uzi unaopigwa kupita kiasi hugonga freti, hupanda kidogo juu ya noti yake mwanzoni, kisha hushuka haraka. Mpigaji anayepiga kwa nguvu ya wastani na kuongeza sauti kwenye amplifaya hupata noti iliyonyooka, yenye msingi imara, na bado anabaki na akiba ya nguvu kwa ajili ya mahali wimbo unapodai msisitizo. Kwa maoni yangu hakuna badiliko la bure lenye faida kubwa kuliko hili, na hakuna linalochelewa zaidi kukubaliwa.

Noti ina mwisho

Mazungumzo kuhusu toni husahau mkono wa kushoto, ilhali ndio unaoamua noti inaishia wapi. Kidole kinapaswa kutua nyuma tu ya freti, karibu nayo bila kuikalia, kwa sababu hapo ndipo nguvu ndogo hutosha kuubana uzi sawasawa. Kikikaa mbali, uzi hulegea na kulialia, na mpigaji hulazimika kukaza mkono hadi uchoke. Kisha inakuja kazi ya kuzima. Uzi ambao haupigwi hautulii wenyewe: unapopiga A, uzi wa E ulio jirani huitika na kutetemeka taratibu, na kwa kuwa masafa yake yako chini, mtetemo huo hujikusanya kuwa ukungu unaoifanya bendi nzima isikike imechafuka. Mpigaji makini huliegemeza gumba la mkono wa kulia kwenye pikapu anapopiga uzi wa E, hulishusha juu ya uzi wa E anapopiga A, na kuendelea kulishusha kadiri anavyokwenda kwenye nyuzi nyembamba, huku vidole vya mkono wa kushoto vikilala kwa wepesi juu ya nyuzi nyingine bila kuzibana.

Urefu wa noti hubadilisha hata jinsi uzito wake unavyosikika. Noti inayokatwa kabla tu ya pigo la ngoma ndogo humwachia mpiga dramu nafasi, na msikilizaji husema besi na dramu zimeshikana, ingawa hajui kwamba alichokisikia ni ukimya mfupi. Noti ileile ikiachwa ivuke pigo hilo, wimbo hulegea. Hakuna pedali inayoweza kufanya uamuzi huo kwa niaba ya mpigaji. Kompresa hupunguza tofauti kati ya pigo kubwa na dogo, na ikitumiwa vizuri huifanya mistari ikae sawa, lakini haijui noti inapaswa kuisha lini.

Nyuzi zenyewe

Baada ya mikono, kitu kinachobadilisha toni kwa gharama ndogo kuliko vyote ni nyuzi. Uzi wa besi una kiini cha chuma kilichozungushiwa waya mwingine, na umbo la waya huo wa nje ndilo linaloamua mengi. Ukiwa wa mviringo, uso wa uzi huwa na mikunjo midogo inayosikika chini ya kidole, hamoniki za juu huwa nyingi, na uzi ukiwa mpya hulia karibu kama piano. Aina hii ilipata umaarufu baada ya mwaka 1966, John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, aliposhirikiana na kampuni ya Rotosound ya Uingereza kuzitengeneza zikidhi alichokuwa akikitafuta. Ukiwa bapa, uso huwa laini, hamoniki za juu hupungua, na noti huwa na mwanzo mzito na mwisho mfupi. Nyuzi bapa ndizo alizotumia Jamerson, na inajulikana kwamba hakuwa na desturi ya kuzibadilisha. Zipo pia zilizovikwa nailoni nyeusi, ambazo hukaribia sauti ya besi ya kusimama.

Waya wa nje wa chuma kisichoshika kutu hutoa ung'avu mkali kuliko ule uliopakwa nikeli. Unene nao una sehemu yake: seti ya kawaida huanza na inchi 0.045 kwa uzi wa G na kuishia 0.105 kwa uzi wa E, na nyuzi nene zaidi hukaza mkono lakini huvumilia pigo zito bila kugonga freti. Nyuzi za mviringo hupoteza ung'avu kwa sababu jasho na uchafu wa vidole hujaa kwenye mikunjo na kuzuia mitetemo ya juu, kwa hiyo kuzifuta kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga kunarefusha maisha yake. Anayesikia kwamba gitaa lake limekufa abadilishe nyuzi kwanza kabla ya kufikiria kuuza gitaa.

Pikapu husikiliza mahali ilipo

Pikapu ni sumaku na koili ya waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotetemeka juu yake, huivuruga nguvu ya sumaku na kuzalisha umeme mdogo unaofuata mwendo wake. Ile kanuni ya kidole hufanya kazi hapa kwa mara ya pili: pikapu iliyo chini ya mahali ambapo hamoniki fulani imetulia haiwezi kuisikia hamoniki hiyo. Pikapu iliyo karibu na shingo husikia masafa ya msingi kwa nguvu, na iliyo karibu na daraja husikia zaidi hamoniki. Si jina lililoandikwa juu yake wala aina ya sumaku inayotangulia. Mahali ilipofungwa ndipo panapotangulia.

Mwaka 1957 Precision Bass ilipewa pikapu iliyogawanywa vipande viwili, kimoja cha nyuzi za E na A, kingine cha D na G. Koili zake zimezungushwa kwa mielekeo inayopingana na sumaku zake zimegeuzwa, kwa hiyo mngurumo wa umeme wa majengoni, wa Hz 50 au 60 kutegemea nchi, hujifuta wenyewe ilhali sauti ya uzi hubaki. Jazz Bass ya mwaka 1960 ilikuja na pikapu mbili za koili moja moja. Zikifunguliwa zote kwa kiwango sawa, mngurumo hufutika, na kwa kuwa kila moja inausikiliza uzi mahali tofauti, baadhi ya hamoniki za kati hupingana na kupungua. Hapo ndipo inapotoka ile sauti yenye bonde katikati inayopendwa na wapiga slapu. Ukipunguza pikapu moja hata kidogo, bonde hilo hujaa na mngurumo huanza kurudi. Katika miaka ya 1970 pikapu ya nyuma ya Jazz Bass ilisogezwa takribani sentimita moja kuelekea darajani, na sentimita hiyo moja inatosha kwa sikio lililozoea kutofautisha gitaa la kipindi kimoja na la kingine.

Kimo cha pikapu hurekebishwa kwa bisibisi, na ni marekebisho ambayo watu huyapuuza. Ikiwa juu sana, sumaku huvuta uzi mnene na kuufanya uyumbe nje ya noti yake. Ikiwa chini sana, sauti hudhoofika. Kuhusu mbao, nitasema kwa ufupi: uzito na ugumu wa shingo huathiri muda ambao noti inadumu na huweza kusababisha noti moja au mbili zife haraka kuliko nyingine, lakini katika gitaa la umeme athari ya mbao za mwilini ni ndogo ikilinganishwa na chochote kilichotajwa hadi sasa, na haistahili kuwa sababu ya kwanza ya kuchagua gitaa.

Umeme kabla ya amplifaya

Gitaa lisilo na betri lina vitufe vya kupunguza tu. Kitufe cha toni, ambacho kwa kawaida huwa cha kiloomu 250 pamoja na kapasita ya maikrofaradi 0.047, hupeleka masafa ya juu ardhini, yaani huyaondoa kwenye sauti, kadiri unavyokifunga. Hakiongezi besi, ingawa masikio huhisi hivyo kwa kuwa ung'avu umeondoka. Kebo nayo hushiriki, kwani kila mita yake hubeba kapasita kidogo inayokula masafa ya juu, na kebo ndefu sana kwenye gitaa la aina hii husikika kama kitufe cha toni kilichofungwa kidogo. Gitaa lenye betri ya volti 9, ambalo lilipata umaarufu kupitia StingRay ya Music Man ya mwaka 1976, lina sakiti ndogo ndani inayoweza kuongeza na kupunguza besi na sauti za juu, na haisumbuliwi na urefu wa kebo. Uwezo huo wa kuongeza ni mtego kwa asiye makini, na betri huendelea kutumika muda wote kebo ikiwa imechomekwa, kwa hiyo ichomolewe gitaa linapopumzika.

Sauti ikienda moja kwa moja kwenye mikisa, yaani meza ya kuchanganyia sauti, inahitaji kupita kwenye kisanduku cha DI, kifaa cha kuunganisha gitaa na meza hiyo. Pikapu isiyo na betri hutoa umeme dhaifu unaopenda kupokelewa na kifaa chenye ukinzani mkubwa, karibu megaomu moja. Ikichomekwa kwenye tundu la maikrofoni, ung'avu hufa papo hapo. Kisanduku hicho huipokea ipasavyo na kuigeuza ili isafiri mbali kwenye kebo ya maikrofoni bila kuokota kelele. Rekodi nyingi za Motown zilifanywa kwa namna hiyo, besi ikiingia mezani moja kwa moja bila amplifaya, jambo linalopaswa kumtuliza yeyote anayeamini kwamba toni yake inasubiri amplifaya ghali.

Amplifaya, spika na chumba

Wati zinaeleweka vibaya kuliko takwimu nyingine zote. Kuongeza wati mara mbili, tuseme kutoka 300 hadi 600, huongeza desibeli tatu tu, tofauti inayosikika lakini ndogo. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, zinahitajika takribani wati mara kumi. Kabati la pili mara nyingi husaidia zaidi, kwa kuwa huongeza eneo la spika linalosukuma hewa. Hapo ni lazima kuangalia ukinzani: makabati mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba huwa omu 4, na amplifaya isiyoruhusu kiwango hicho huweza kuungua. Amplifaya za vali hutaka zaidi ya hapo, kwani zinapaswa kuunganishwa na mzigo unaolingana na tundu lililochaguliwa, na kamwe haziwashwi na kupigwa bila spika.

Vali zina jambo moja linalovunja ile kanuni niliyoanza nayo. Zikisukumwa karibu na kikomo, hubonyeza vilele vya wimbi na kuzalisha hamoniki mpya ambazo uzi haukuzitoa. Mkwaruzo huo ukiwa kidogo hausikiki kama mkwaruzo. Husikika kama noti iliyosogea mbele, na ndio unaowafanya wengi waseme kwamba wati 300 za vali zina nguvu kuliko wati 300 za transista. Pedali za mkwaruzo hufanya kazi hiyohiyo, na zilizotengenezwa kwa ajili ya besi huwa na njia ya kuchanganya sauti safi ili masafa ya msingi yasipotee.

Kitu cha mwisho ni chumba, nacho kina ubishi wake. Wimbi la Hz 41 lina urefu wa zaidi ya mita 8, kwa hiyo katika chumba cha kawaida hugonga ukuta na kurudi kabla halijakamilika, likajiongeza mahali fulani na kujifuta mahali pengine. Kabati likiwekwa pembeni, masafa ya chini huvimba. Mpigaji aliyesimama mahali ambapo wimbi linajifuta huongeza besi kwenye amplifaya, na msikilizaji aliye ukutani huzamishwa. Kabla ya kuzungusha kitufe, tembea hatua chache ndani ya chumba huku mtu mwingine akipiga noti ileile, kisha sogeza kabati.

Udhaifu wa sikio waliouonyesha Fletcher na Munson unahusika hapa pia. Toni iliyopangwa nyumbani kwa sauti ndogo huwa na masafa ya chini yaliyoongezwa ili sikio liridhike, na mara nyingi sauti za kati huwa zimepunguzwa kwa sababu zikisikilizwa peke yake huonekana kama kelele ya pua. Mpango huohuo ukipandishwa jukwaani, masafa ya chini huvimba na kugombana na ngoma ya mguu, wakati sauti za kati, kati ya Hz 200 na 800 hivi, ambazo ndizo zingeibeba noti hadi kwa msikilizaji, hazipo. Anza na vitufe vyote katikati, bendi nzima ikipiga kwa sauti yake halisi. Kama noti hazisomeki, punguza masafa ya chini kabla ya kuongeza kitu kingine chochote, na kama amplifaya ina kichujio cha kukata masafa ya chini kiweke karibu na Hz 35 au 40, ili spika ziache kuhangaika na mitetemo isiyosikika na nguvu hiyo iende kwenye hamoniki ya pili na ya tatu. Yakibaki matatizo baada ya hapo, sogeza mkono wa kulia sentimita mbili kuelekea darajani kisha usikilize tena.